Kuandika "Sikuona"

Usiku wa Februari 23, 1987, mzee wa miaka 66 aitwaye Albert Jones alielekeza darubini yake kwenye anga ya kusini akiwa kwao New Zealand. Alipitia nyota alizozizoea katika Wingu Kubwa la Magellan, hakuona kitu kipya, akaendelea na shughuli zake. Si habari, sivyo? Lakini hoja yangu yote nataka kuijenga juu ya hicho "hakuona kitu".

Kisa chenyewe ni hiki. Kama saa mbili kabla ya Jones kutazama, kwetu Kenya ikiwa saa nne unusu asubuhi, mitambo iliyofukiwa chini ya ardhi kule Japani na Marekani ilinasa chembe ndogo mno ziitwazo nyutrino. Hazikuzidi ishirini na kitu, na zote zilipita ndani ya sekunde chache. Zilikuwa zimetoka kwenye kiini cha nyota kubwa iliyojiporomokea, umbali wa zaidi ya miaka ya nuru 160,000 kutoka hapa. Nyutrino hupenya na kutoka mara moja. Mwanga hauna bahati hiyo. Unakwama ndani mpaka mshtuko wa mlipuko ufike kwenye ngozi ya nyota. Sasa mshtuko ulichukua muda gani kufika? Saa moja na ushei baada ya Jones kutazama, Robert McNaught alipiga picha ya sehemu hiyo hiyo ya anga akiwa Australia. Picha ilipochunguzwa baadaye, nyota mpya ilikuwemo. Kwa hivyo jibu likabanwa kati ya wawili: mmoja aliyenasa kitu kabla hajakijua, na mmoja aliyesema kwamba saa ile hapakuwa na kitu. Kesho yake mlipuko ulitangazwa, na Jones yumo katika orodha ya walioutambua. Kwangu mimi, ule usiku wa kutoona ndio mtamu zaidi.

Jones hakuwa profesa. Alifanya kazi kwenye kinu cha kusaga nafaka, akawa na duka, akafanya kazi kiwanda cha kuunganisha magari. Usiku alipima mwanga wa nyota geugeu, yaani zile zinazofifia na kung'aa tena, zingine kwa saa na zingine kwa miaka. Hadi anafariki mwaka 2013 alikuwa ameandika vipimo zaidi ya nusu milioni kwa jicho lake mwenyewe. Hakuna aliyemlipa. Hakuna aliyesimama nyuma yake akichungulia kama kweli ametazama au amebuni tu.

Swali langu liko hapo. Mtu aliye peke yake gizani, asiye na mshahara wala msimamizi, kwa nini aandike ukweli?

Jibu la haraka ni kwamba Mungu anaona. Silipuuzi, nimelelewa nalo. Ila watu wengi wanaojua Mungu anaona huandika risiti za uongo kila Jumatatu, kwa hivyo lazima kuna kitu kingine kinachomshika mtu mkono. Jibu la pili ni sifa: ukidanganya utakamatwa. Hapana, hukamatwi. Ukiandika usiku mmoja kwamba nyota fulani ilikuwa na mwanga wa namna fulani, na uwe umelala nyumbani muda huo wote, hakuna binadamu atakayejua kamwe. Usiku hauchezwi marudio.

Mimi huishi kwa vibarua vya kuandika mtandaoni. Chuo niliacha mwaka wa tatu, karo ilipoisha kabla ya masomo, na tangu hapo nimeandika maelezo ya magodoro, ya mbwa wa kizungu na ya hoteli za miji ambayo sijawahi kukanyaga. Mteja anataka maneno 800, anapata maneno 800, M-Pesa inalia. Hiyo ni kazi, na sina ugomvi nayo; imenilipia nyumba. Ila imenifunza tofauti moja. Kwenye kazi ya malipo, uongo ukishauza, pesa inabaki mkononi. Unaweza kununua unga nayo na unga ule ni wa kweli kabisa. Kwenye kitu unachokifanya bure kwa kukipenda, ukidanganya hubaki na chochote. Ukitoa ukweli kwenye kutazama nyota, kinachobaki ni mtu amesimama juu ya paa usiku, amevaa sweta, anaumwa na mbu.

Kwa hivyo sitaki kumfanya Jones malaika. Pengine ukweli wake haukutokana na wema. Pengine alijua tu kwamba uongo ungemnyang'anya raha yake yote.

Binamu yangu, ambaye huuza vipuri vya pikipiki na hana muda na falsafa zangu, aliniambia hivi: "Sasa hiyo ni rahisi, bro. Kuwa mkweli mahali hakuna doo ni rahisi. Ngoja ipatikane doo." Ana hoja. Ukweli usiogharimu si kitu cha kujipigia kifua. Lakini amekosea jambo moja. Anadhani kishawishi lazima kiwe pesa.

Chukua Betelgeuse, ile nyota nyekundu kwenye bega la Orioni. Hapa kwetu Orioni haiko upande mmoja wa anga kama Ulaya. Sisi tuko kwenye ikweta, na mkanda wake hupita karibu juu ya utosi. Kuanzia mwisho wa mwaka 2019 nyota hiyo ilianza kufifia. Kwa kawaida mwanga wake huwa karibu 0.5, na kipimo hiki kinaenda kinyume: namba ikipanda, nyota imefifia. Kufikia katikati ya Februari 2020 ilikuwa karibu 1.6. Haikuhitaji darubini. Ungetoka nje tu uilinganishe na Bellatrix, nyota ya bega lile lingine, ambayo kwa kawaida haiigusi kwa mwanga, na ungekuta zimekaribia kuwa sawa. Dunia nzima ikaanza kunong'ona kwamba Betelgeuse iko karibu kulipuka.

Hebu jiweke hapo. Umesoma mtandaoni asubuhi kwamba leo imeshuka tena. Jioni unapanda juu, unatazama. Jicho linataka nini? Linataka kuiona imeshuka. Tena linataka kuiona imeshuka kuliko walivyosema wengine, ili wewe ndiwe uliyeona mwanzo. Hapo hakuna hata senti tano, na bado mkono wako umeshaanza kuinamisha namba. Ndiyo maana watazamaji wazoefu wa nyota geugeu hushauriana kutochungulia kipimo cha jana, wala cha jirani, kabla ya kupima chako. Chama cha Marekani kinachokusanya vipimo hivi, AAVSO, kipo tangu 1911, na sehemu kubwa ya mafunzo kwa wanaoanza ni hiyo: andika ulichoona, usiandike ulichotarajia. Betelgeuse haikulipuka, kwa taarifa yako. Ilikuwa imetema gesi, sehemu ya uso wake ikapoa, vumbi likatanda mbele yetu. Miezi michache baadaye ilikuwa imerudi.

(Jina lenyewe la nyota hiyo limebeba kosa. Ni la Kiarabu, na asili yake linaanza na "yad", mkono. Mtu huko Ulaya, zama za kati, akasoma nukta vibaya, y ikawa b, na wote waliomfuata wakanakili. Mamia ya miaka sasa tunalitamka hivyo hivyo.)

Uongo wa kuwaambia wengine angalau unaujua unapousema. Ule wa kujiambia mwenyewe hauna harufu. Percival Lowell alikuwa tajiri wa Boston ambaye mwaka 1894 alijijengea kituo cha kutazama anga kule Flagstaff, Arizona, kwa pesa zake. Akatazama Mirihi, akaona mifereji. Akaichora, mistari iliyonyooka kama barabara, akaandika vitabu kueleza kwamba ni kazi ya viumbe wenye akili wanaovuta maji kutoka ncha za sayari yao inayokauka. Mwaka 1965 chombo cha Mariner 4 kikapita Mirihi na kupiga picha. Mashimo na vumbi. Lowell hakuwa mwongo; nina hakika aliona mistari. Kwenye Zuhura pia aliona mistari, imetandaa kama vijiti vya gurudumu la baiskeli. Na wapo wataalamu wa siku hizi wanaosema kwamba, kwa jinsi alivyokuwa ameubana mdomo wa darubini yake, huenda alikuwa akiona kivuli cha mishipa ya damu ya jicho lake mwenyewe. Mtu ametumia mali yake yote ya macho kuchora ndani ya kichwa chake, akidhani ni sayari.

Ni rahisi kumcheka Lowell kwa sababu ni mzungu, tajiri na amekufa. Basi tuje nyumbani.

Karibu na Kalokol, Turkana, kuna nguzo 19 za mawe zilizosimamishwa na watu wa kale. Mahali hapo huitwa Namoratunga. Mwaka 1978 watafiti wawili wa Marekani walichapisha madai kwamba nguzo zile zimepangwa kuelekea nyota na makundi ya nyota yale yale yanayotumika katika kalenda ya Waborana. Unaelewa utamu wa habari hiyo kwa mtu kama mimi? Miaka yote ninapotaja nyota naulizwa kama hiyo si mambo ya Wazungu. Hapa kuna mawe, ndani ya Kenya, yanasema hapana. Nilitamani iwe kweli kwa mwili wote.

Kisha mwanaakiolojia mwingine, Robert Soper, akaenda kupima tena. Akakuta mawe yenyewe yana sumaku. Dira iliyotumika kuyapima ilikuwa inavutwa na kile kile inachokipima. Wengine wakaja baadaye wakapima upya kwa kurekebisha hilo, na mjadala haukufa, wapo wanaoona bado kuna mpangilio. Mimi huwasimulia watu habari ya Namoratunga mara nyingi, na kila mara naisimulia na sumaku ndani. Wengine hukasirika. Kijana mmoja aliniambia nawafanyia Wazungu kazi. Lakini nikiiondoa sumaku nitakuwa namheshimu nani? Waliosimamisha mawe yale walikuwa watu wa kutazama kwa makini, kwa sababu yoyote ile waliyokuwa nayo. Kuwasifu kwa uvivu ni kuwatukana. Halafu hatuna haja. Mabaharia wa pwani walivuka bahari kwa nyota, wakulima walipanga msimu kwa Kilimia, na Zuhura, Mushtarii na Zohali tumekuwa na majina yao kabla hatujawa na shule za kutufundisha kwamba hatukuwa nayo.

Sasa nije kwa lililonifanya niandike haya.

Ploti ninayokaa ina ghorofa nne na juu kabisa ni paa tambarare la kuanikia nguo. Huko ndiko ninakotazamia, nyuma ya matangi ya maji, kwa sababu matangi hunikinga na mulika mwizi, ile taa ya mlingoti mrefu inayofanya mtaa wetu usiwe na usiku. Jumamosi moja mwaka jana kijana alishukiwa kuiba mtungi wa gesi. Akapigwa na watu nyuma ya ploti, upande wa barabara. Aliishi, ila mkono wake wa kulia haujarudi sawa. Mtungi ulipatikana, kumbe mwenyewe aliukopesha.

Kesho yake mama ya kijana alipita mlango kwa mlango. Kila mlango ulimpa jibu moja. Sikuona, mama. Sikuwepo. Nilikuwa nimelala. Mimi naona tu watu wakikimbia. Ghorofa nne, vyumba kama arobaini, na madirisha nusu yanatazama barabara ile. Kila mtu anajua kwa nini. Aliyeona atakuwa shahidi, na shahidi ana mke, ana duka, ana njia ya kupita usiku. Mtaani neno "sikuona" ni kufuli. Unalifunga mlangoni ulale.

Akafika kwangu. Alikuwa ameshaambiwa na keyateka kuhusu yule kijana wa nyota.

"Mwanangu, wewe ulikuwa huko juu."

"Nilikuwa, mama."

"Uliona akina nani?"

Na mimi kwa kweli sikuona. Nilikuwa upande wa pili, nyuma ya matangi, macho kwenye darubini, na kelele za Jumamosi ni kelele za Jumamosi. Nikamwambia hivyo. Nikamwonyesha hata daftari, saa na dakika, nyota gani nilikuwa napima. Akalitazama daftari, akanitazama mimi, akasema, "Asante, mwanangu," kwa sauti ile ile ambayo lazima aliitumia kwenye milango mingine thelathini na tisa. Akaenda.

Nimelirudia jambo hilo sana kichwani. Nilisema kweli, na ukweli wangu haukuwa na thamani hata ya peremende, kwa sababu nililipa kwa noti ambayo jengo zima lilikuwa limeichapisha bandia. Yule mama hakuwa na njia ya kutofautisha "sikuona" yangu na ya jirani. Kwa nini ya Jones iliaminika? Lilikuwa neno lile lile. Watu walijenga hesabu za nyota inayolipuka juu yake. Sidhani ni kwa sababu alikuwa na uso wa kuaminika. Ni kwa sababu nyuma ya hiyo moja kulikuwa na maelfu kwa maelfu ya "niliona": niliona nyota hii, saa hii, mwanga kiasi hiki. Mtu anayesema ameona kila anapoona ndiye pekee ambaye kutoona kwake ni habari. Mtaa usiosema unachokiona hauna tena namna ya kusema kwamba haukuona.

Hapo ndipo namrudia binamu yangu. Kuwa mkweli kuhusu nyota ni rahisi kuliko kuwa mkweli kuhusu nani alishika nondo. Nakubali, tena sana. Daftari langu halijanijaribu kama vile majirani zangu walivyojaribiwa, na sidai kwamba mtu akipima nyota miaka kumi atasimama mahakamani bila kutetemeka. Sijui mtu aliyethibitisha hilo. Ninachodai ni kidogo zaidi: watu ambao hawana mahali popote, hata padogo, hata pa upuuzi, wanapoandika walichoona kama walivyokiona, mazoezi wangeyapatia wapi? Shuleni tulipewa matokeo ya jaribio kabla ya kulifanya, tukayarudisha kwa mwalimu na alama ya vema. Kazini namba huja na jibu mteja analolitaka. Ni kwenye vitu vya bure tu ndiko nimewahi kukaa na kipimo kisichonipendeza na kukiacha kilivyo.

Na kuna Leslie Peltier. Alizaliwa shambani Ohio, hakumaliza shule ya upili, na darubini yake ya kwanza aliinunua kwa dola 18 alizopata kwa kuchuma stroberi. Aliandika vipimo zaidi ya 130,000 maishani. Kuna nyota moja, T ya Taji la Kaskazini, ambayo ililipuka mwaka 1866 na haikurudia. Peltier aliichunga kwa zaidi ya miaka 25 akiisubiri. Februari 1946 aliamka usiku mmoja kwenda kuitazama, akasikia mafua yanamnyemelea, akarudi kitandani. Usiku huo ndio nyota ililipuka. Miaka 25, na ikamkwepa kwa usiku mmoja.

Tunajuaje? Kwa sababu yeye mwenyewe alisema. Aliandika kwenye kitabu chake cha mwaka 1965 kwamba alikuwa kitandani. Angeweza kuandika mawingu. Mawingu ya alfajiri moja ya Februari juu ya shamba moja Ohio, nani angepinga? Kila ninapofikiria wale vyumba arobaini, huwa namfikiria na mzee huyu aliyekuwa na kisingizio bora duniani kikining'inia angani, akakiacha huko.

Nyota hiyo wataalamu wamekuwa wakiisubiri tena miaka hii, kwa kuwa kutoka 1866 hadi 1946 ni miaka 80, na hesabu unaweza kuifanya. Ikitulia ni dhaifu mno kwa darubini yangu ya mitumba ya macho mawili, hasa na ile mulika mwizi. Ikilipuka utaiona kwa macho matupu, upande wa kaskazini, jioni za Juni na Julai. Majirani wamezoea kuniona. Mtoto wa ghorofa ya pili hupanda nami siku hizi, ana miaka tisa, na nimempa ukurasa wake kwenye daftari. Jana mawingu yalifunguka kidogo saa tatu na nusu usiku. Nilitazama, nikamwachia naye atazame bila kumwambia nimeona nini. Akaniuliza aandike nini kama hakuna kitu. Nikamwambia aandike saa kwanza.